Siku niliyomsomea mama mabango ya Station Camp

Mama yangu yupo na mimi hapa Portland, jimbo la Oregon, Marekani, toka mwezi wa kumi. Mtu kazaliwa Ujiji, kakulia Ujiji, kazalia watoto wake wote Ujiji, leo unamweka kwenye apatimenti ghorofa ya tatu, mvua inanyesha wiki nzima haikati, saa kumi na nusu jioni nje giza, hapo hata umpe tivii ya ukuta mzima hatulii. Na mimi kazi yangu ni kulea wazee, shifti za usiku, asubuhi narudi nimechoka nalala, namwacha kakaa dirishani anatazama magari. Kwa hiyo jumanne iliyopita nilipopata ofu nikamwambia mama vaa vizuri, kanga yako jitande, weka lile koti langu kubwa juu, twende nikakuonyeshe bahari.

Tukashika barabara namba 30, ile inayofuatana na mto Columbia mpaka Astoria, kama masaa mawili hivi. Chai ya tangawizi kwenye chupa, maandazi kwenye hotipoti, mama kashika tasbihi yake. Hasomi Kiingereza lakini macho yake hayapitwi na kitu, hatujafika hata nusu ya njia akaniuliza, "Mwanangu, hao watu wawili wanaonyesha nini? Kila tukienda kidogo nawaona." Nikatazama, kweli bwana, pembeni ya barabara kuna vibao vya kahawia vina umbo la wanaume wawili wamesimama, mmoja kanyoosha mkono anaonyesha mbele. Mi ile njia nimepita mara nyingi tu na sikuwahi kuvitilia maanani. Ndo vibao vya njia ya Lewis na Clark.

Nikamweleza kwa kifupi huku naendesha. Mwaka 1803 Marekani ilinunua kwa Wafaransa eneo kubwa mno la katikati ya bara hili, dola milioni 15, Napoleon alikuwa anatafuta hela ya vita, na wenyewe wenye ardhi, yaani makabila yaliyokuwa yanaishi mle, hakuna aliyewauliza. Rais Thomas Jefferson akamtuma katibu wake Meriwether Lewis pamoja na mwanajeshi mwenzie William Clark waongoze msafara wapande mto Missouri, wavuke milima, watafute njia mpaka bahari ya Pasifiki. Wakaondoka karibu na St. Louis mwezi wa tano 1804 na walirudi mwezi wa tisa 1806. Miaka miwili na miezi minne. Mama akanisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza swali moja tu, "Na wapagazi wao walikuwa kina nani?"

Hilo swali mtu wa Ujiji lazima aulize. Pale kwetu tuna ile sehemu ya kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, walipokutana 1871, shule ya msingi walitupeleka kwa mstari tukasimama chini ya miembe tukaambiwa hapa ndipo walipopeana mikono. Stanley naye alilipiwa na gazeti la Marekani, New York Herald. Lakini majumbani mwetu habari za misafara ile hazianzii kwa Stanley, zinaanzia kwa waliobeba. Sisi ni Wamanyema, babu zake mama walikuja kutoka ng'ambo ya ziwa, kuna waliokuja wamebeba pembe na kuna waliokuja wamefungwa, na nyumbani hatuulizani nani alikuja vipi. Kwa hiyo mama akisikia msafara, kitu cha kwanza anatafuta ni mabega.

Nikamwambia hawa hawakuwa na wapagazi kama wa kwetu, waliondoka na askari na mitumbwi, mizigo wakibeba wenyewe na mashua wakivuta wenyewe kwa kamba. Wakati wanaondoka kwa Wamandan, kabila moja la huko mto Missouri, mwezi wa nne 1805 kwenda magharibi walikuwa watu 33. Kwenye hao kuna binti wa Kishoshone anaitwa Sacagawea, alitekwa angali mtoto, akaja kuwa mke wa Mfaransa mmoja wa Kanada mfanyabiashara, na mgongoni alikuwa kabeba mtoto wa miezi miwili. Na kuna York.

"York nani?"

"York tu. Alikuwa mtumishi wa Clark."

Hilo neno nililitoa vile vile nilivyolikuta, maana Clark kwenye shajara yake anaandika mtumishi wangu. Mama hakusema kitu, akarudi kwenye tasbihi yake.

Tukafika Astoria tukapanda lile daraja la kuvukia kwenda upande wa jimbo la Washington. Ni daraja refu, kilomita sita na nusu, linaanza juu sana kupisha meli halafu linashuka mpaka unaona kama unaendesha gari juu ya maji yenyewe. Siku ile mvua na ukungu, ng'ambo haionekani kabisa. Mama akashika mlango akaniuliza hili ni ziwa au mto. Nikamwambia mto. Akasema mto gani huu hauna ng'ambo, hata Tanganyika siku nzuri unaona milima ya Kongo. Nikamwambia tena wewe umejitahidi, Clark mwenyewe tarehe 7 Novemba 1805 alipofika huku aliandika kwa furaha kwamba bahari imeonekana, kumbe ulikuwa bado mdomo wa mto tu, bahari yenyewe ilikuwa kama kilomita 30 mbele.

Na hizo kilomita 30 ziliwatesa kuliko milima. Ukishuka darajani ukienda kulia kuna sehemu inaitwa Dismal Nitch, walikwama pale kuanzia tarehe 10 mpaka 15, mawimbi yanapiga, upepo, magogo makubwa yanaelea yanagonga ufukweni karibu yavunje mitumbwi, nguo zao za ngozi zimewaozea mwilini, chakula samaki mkavu wa kutwanga. Na katikati ya hali hiyo wenyeji walikuja kwa mitumbwi yao wakipita juu ya mawimbi yale yale yaliyowafunga wazungu, wakawauzia samaki, wakageuka wakaondoka zao kama hakuna kitu. Clark aliandika kwamba hajapata kuona waendesha mitumbwi hodari kama hao. Mama hapo alitabasamu, mume wake yaani marehemu baba alikuwa mvuvi.

Sisi tulikunja kushoto, barabara 101, dakika chache tu unafika. Panaitwa Middle Village na Station Camp, majina mawili, sababu zamani pale palikuwa kijiji cha Wachinook na baadae ndo hawa wakaja wakapiga kambi siku 10. Kuna sehemu ya kupaki, kuna kanisa dogo la mbao jeupe, majani, mabango ya maelezo, na mto upo pale pale ukivuka barabara. Magari yanapita kasi, malori ya magogo yanakurushia maji. Ukiwa na haraka utapita usijue kama kuna kitu. Tulikuwa peke yetu.

Nikamshika mama mkono tukaanza kusoma, yaani mimi nasoma kimoyomoyo kwanza halafu namwambia kwa Kiswahili, na pale panaponishinda natafuta namna nyingine ya kusema, na mengine naongezea kwa yale niliyowahi kuyasoma mwenyewe. Nikamwambia msafara ulipofika ulikuta nyumba 36 za mbao hazina watu, wenyewe Wachinook walikuwa wamehamia makazi ya kipindi cha baridi, wakabandua mbao kwenye nyumba za watu wakajitengenezea vibanda. Kuhusu biashara, kwamba Wachinook walishafanya biashara na meli za Waingereza na Wamarekani miaka mingi kabla Lewis hajafika, hapakuwa porini pale, palikuwa sokoni. Wachimbaji wa mambo ya kale wametoa pale ardhini shanga nyingi na vipande vya vyombo na risasi za bunduki.

Aliposikia shanga mama akasimama vizuri. Nikamsimulia ile ya mkanda. Tarehe 20 Novemba alikuja Mchinook mmoja kavaa joho la ngozi mbili za fisi maji wa baharini, manyoya mazuri mno, Lewis na Clark wote wakalitamani, wakamtolea hiki wakamtolea kile akakataa. Alitaka shanga za bluu tu, ndo zilikuwa hela yao ya juu. Na shanga za bluu zilizobaki zilikuwa kiunoni kwa Sacagawea. Basi wakachukua ule mkanda wake wakanunulia joho, na kesho yake yeye akapewa koti la kitambaa cha bluu. Mama akasema, "Mkanda wa shanga wa mwanamke." Halafu akanyamaza kidogo akaniambia bibi yake alikuwa anahesabu vitu vya zamani kwa shanga za sofi, hata sabuni ya dukani alikuwa anasema hii zamani ingekuwa sofi ngapi. Mi hiyo sikuwahi kumsikia anaisema. Miaka yangu yote.

Sasa tukaja kwenye kura.

Tarehe 24 Novemba 1805 ilibidi waamue watakaa wapi kipindi cha baridi. Warudi juu mtoni, au wavuke wakaangalie upande wa kusini ambako wenyeji walisema kuna wanyama wengi wa kuwinda. Kwa kawaida jeshini kapteni anaamua, wengine wanatii, lakini siku ile waliuliza mtu mmoja mmoja na Clark akaandika kila jina na alichosema. Na kwenye orodha hiyo jina la York limo pamoja na askari, alisema waende wakaangalie ng'ambo. Sacagawea naye maoni yake yameandikwa, alitaka mahali penye viazi vingi vya majini, mama mwenye mtoto anawaza chakula. Wengi walitaka kuvuka, wakavuka, wakajenga ngome yao ya Clatsop na wakakaa mpaka mwezi wa tatu.

Nikamwambia mama elewa hiyo ni 1805. Katiba ya Marekani ilikuja kukataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi mwaka 1870. Wanawake 1920. Wenyeji wa asili wote kutambuliwa raia, 1924. Kwa hiyo hapa tuliposimama, kwenye tope hili, mtu mweusi aliulizwa na jibu lake likaandikwa miaka 65 kabla.

Mama akaniangalia. Maji yanamdondoka kwenye ukosi wa koti. Akasema, "Umesema mtumishi. Mtumishi analipwa. Huyu alilipwa?"

Nikamwambia hapana mama. Askari walilipwa mshahara maradufu na kila mmoja akapewa ekari 320 za ardhi. Lewis na Clark ekari 1600 kila mmoja. York hakupewa senti wala shamba.

"Basi sema mtumwa. Kwa nini unamficha?"

Na kweli nilikuwa namficha, sikukusudia ila nilikuwa namficha, nimechukua neno la Clark nikalipitisha kwa mama kama nilivyopewa. Kiingereza cha wakati ule waliona neno mtumwa zito kulisema wakasema servant, na hilo neno linaendelea kusafiri hivyo hivyo miaka mia mbili, kwenye vitabu, na sasa kwenye mdomo wangu mimi mtoto wa Kimanyema. Kiswahili hakikupi hiyo nafasi. Mtumishi ana mshahara na siku akichoka anaaga anaondoka.

Nikaanza upya. Nikamwambia York alikuwa mtumwa wa Clark, baba yake York alikuwa mtumwa wa baba yake Clark, na mzee alipokufa 1799 York akarithishwa kwa William kwenye wosia. Wamekua pamoja toka wadogo, mmoja bwana mmoja mali. Mama akasema, "Ah. Mzalia."

Hilo neno nilikuwa nalijua kama jina la ukoo wa watu tu. Akanifafanulia pale pale kwenye mvua kwamba mzalia ni yule aliyezaliwa ndani ya nyumba ya bwana, wazazi wake walishakuwa watumwa, anajua lugha ya bwana na siri za bwana, anapewa bunduki, anatumwa mbali kwa sababu wanajua atarudi. Anatumwa mbali kwa sababu wanajua atarudi. York mzima ndo huyo. Alipewa bunduki akawinda nyati, jambo ambalo kule kwao Kentucky mtumwa hakuruhusiwa hivi hivi. Sajenti Charles Floyd alipougua tumbo mwezi wa nane 1804 York ndo alikuwa kati ya wanaomuuguza mpaka akafa, na huyo ndo mtu pekee msafara uliompoteza. Kwenye maporomoko makubwa ya Missouri mafuriko ya ghafla yalitaka kumchukua Clark na Sacagawea na mtoto, wakanusurika wakapanda juu, wakamkuta York anahangaika anawatafuta. Kwa kabila la Waarikara watu walikuja kumshangaa, hawajawahi kuona mtu mweusi, na chifu mmoja wa Wahidatsa alilowesha kidole akamsugua ngozi aone kama ni rangi ya kupaka. Wakamwona mtu mwenye nguvu za ajabu. Fikiria mtu ametoka kwenye nyumba ambayo yeye ni kitu, anafika mahali anaheshimiwa kuliko bwana wake.

Mama akauliza, "Na waliporudi, hakuandikiwa huru?"

Hapa ndo niliposhindwa kuendelea kusimama nje, tukarudi kwenye gari nikawasha hita nikammiminia chai ndo nikamwambia. Hakuandikiwa. York alikuwa na mke Louisville, kule kule Kentucky, mtumwa wa watu wengine. Clark akahamia St. Louis na York ikabidi amfuate. Akaomba abaki Louisville karibu na mkewe, awe anafanya kazi za kukodishwa na hela anamtumia Clark. Clark akakataa. Tunajua haya kwa barua zake mwenyewe alizomwandikia kaka yake Jonathan, zilipatikana Louisville mwaka 1988, kabla ya hapo watu walikuwa na hadithi tamu tamu tu. Mwaka 1808 anaandika kwamba York akijaribu kutoroka apelekwe New Orleans auzwe, au akodishwe kwa bwana mkali mpaka akili imkae sawa. Mwaka 1809 anaandika kwamba York amekuwa jeuri na mwenye kununa na kwamba amempa kipigo. Miaka mitatu na nusu tu toka ile kura. Mkono ule ule ulioandika jina lake kwenye orodha pale ng'ambo ya barabara.

Baadae sana, 1832, Clark alimwambia mwandishi Washington Irving kwamba yeye alimwacha York huru akampa gari na farasi sita afanye biashara ya kusafirisha mizigo, biashara ikamshinda, York akajuta kuwa huru, akawa anarudi kwa bwana wake akafia njiani kwa kipindupindu. Mama alicheka kicheko kile cha uchungu. Akasema kila bwana ana hadithi hiyo, mtumwa aliyejuta. Na mimi siiamini, mtu aliyekubali kupigwa ili tu awe karibu na mkewe hawezi kujutia uhuru.

Serikali ya Marekani ilikuja kumpa York cheo cha heshima cha sajenti jeshini, Januari 2001, Clinton akiwa anamaliza muda wake. Wachinook nao mwezi huo huo walitambuliwa rasmi kama kabila, na mwaka 2002 serikali iliyofuata ikafuta utambulisho huo, mpaka leo wanadai. Wenye kijiji. Na hapa Portland, mlima Tabor, mwaka 2021 mtu alipandisha usiku sanamu ya kichwa cha York juu ya jiwe lililokuwa wazi, kubwa, macho yameinama. Niliwahi kwenda kuiona nikiwa natoka kazini, watu wanaweka maua. Mwezi wa saba wakaja watu wakaiangusha ikavunjika. Louisville ipo ya shaba kando ya mto Ohio, kaiweka mchongaji Ed Hamilton mwaka 2003, na nina binamu yangu kule maana Waswahili Louisville wamejaa, kwa hiyo nimeshamwambia aende anipigie picha vizuri, uso, na mikono.

Bahari hatukuiona siku hiyo, giza liliingia. Tulipokuwa tunarudi vile vibao vya kahawia vikawa vinawaka kwenye taa za gari, watu wawili, mkono mmoja umenyooshwa, na mama kila kimoja alikuwa anakigeukia.

Usiku akampigia simu mama mdogo Ujiji, kule kumeshakucha. Mi nilikuwa natengeneza ugali nikamsikia anasimulia yote kutoka mwanzo, mto usio na ng'ambo, mkanda wa shanga, kura, na kila mahali ambapo mimi ningesema York yeye alikuwa anasema York mzalia. Mama mdogo akasikiliza muda mrefu, simu ilikuwa kwenye spika, halafu akauliza, "Na huyo mkewe alikuwa anaitwaje?"

Mama akanigeukia jikoni anasubiri nimwambie. Jina lake hakuna aliyeliandika.